Kiwanja cha gofu cha zamani si lazima kiwe kazi ya maumbile

Wapenzi wengi wa gofu husema wabunifu wa zamani waliifuata ardhi ilivyo, wa leo huivuruga kwa tingatinga. Kinachowapotosha ni kiwanja cha kale cha Old Course, St Andrews, Uskoti, ambayo kweli ilichongwa zaidi na upepo, kondoo na miguu ya watu. Lakini kiwanja cha Lido, karibu na New York, kilijengwa miaka ya 1910 juu ya kinamasi kilichojazwa mchanga uliovutwa kwa pampu. Kwenye kiwanja cha Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, kabla ya ufunguzi wa 1926, miamba ilipasuliwa kwa baruti! Sasa tazama kiwanja cha Sand Hills, Nebraska, Marekani, cha 1995: wabunifu Bill Coore na Ben Crenshaw waliona vilimani mashimo (yaani njia za kuchezea) zaidi ya 100 yaliyojiumba yenyewe, wakachagua 18, udongo wakaugusa kidogo mno.