Virusi Vilivyolala Kwenye Neva: Maswali Kutoka Langoni

Mzee mmoja jirani yetu hapa Langoni, Lamu, aliugua tetekuwanga utotoni. Juzi, uzeeni, ametokwa na mkanda wa jeshi, na tangu hapo maswali hayaishi barazani. Haya ndiyo yaliyorudiwa sana.

Tetekuwanga si alipona? Virusi vilikuwa wapi miaka yote hiyo?

Vilikuwa ndani yake, kwani tetekuwanga na mkanda wa jeshi huletwa na virusi hivyo hivyo. Ngozi ikishapona, virusi hivyo hujificha kwenye vifundo vya neva kando ya uti wa mgongo na chini ya fuvu, vikatulia humo kama kaa la moto chini ya jivu. Kinga ikidhoofika kwa uzee, UKIMWI au dawa za saratani, huamka na kushuka na neva ile ile hadi kwenye ngozi. Ndiyo maana mkanda wa jeshi hukaa upande mmoja wa mwili. Virusi vya malengelenge ya mdomo navyo hulala hivyo hivyo, kwenye kifundo cha neva inayoleta hisia za uso.

Wahenga walisema usimwamshe aliyelala. Kuna haja gani ya kuvitafuta?

Kwa mtu mwenye afya, hakuna. Virusi vya Epstein-Barr, kwa mfano, ambavyo ni vya jamii hiyo hiyo, viko kwa zaidi ya watu wazima 9 kati ya 10. Kipimo cha damu kikionyesha kingamwili zake, umeambiwa tu kwamba mliwahi kukutana. Pesa hizo lipa karo.

Haja huja mtu anapopata homa, kisha ndani ya siku chache akachanganyikiwa, akaanguka degedege, au akawasahau wanawe. Virusi vya malengelenge vikishambulia ubongo na mgonjwa asitibiwe, karibu 7 kati ya 10 hufa. Dawa ipo, asaiklovia ya kudungwa mshipani, na daktari huianza bila kungoja majibu. Wengi wetu husema kwanza ni shetani. Simlaumu anayemsomea mgonjwa wake dua, ila dua hiyo isomwe ndani ya boti, mkielekea hospitali.

Hupimwa vipi?

Hapa pwani huanzwa na malaria na sukari, kwani nazo huvuruga akili. Kisha hutolewa maji ya uti wa mgongo, yakatafutwa vinasaba vya virusi kwa kipimo cha PCR. Picha ya ubongo ya MRI husaidia pia. Siku 3 za mwanzo kipimo hicho huweza kukosa virusi vilivyopo, basi msishangae mkiambiwa kirudiwe.

Hiyo sindano ya mgongo si ndiyo hupoozesha watu?

Hofu hii naijua, na imechelewesha wengi. Uti wenyewe huishia juu ya kiuno, na sindano huingia chini ya hapo, penye maji na nyuzi za neva zinazosogea. Kichwa huweza kuuma siku kadhaa. Palipo na dalili za shinikizo kubwa kichwani, daktari hutaka picha kwanza. Anayechomwa mara nyingi huwa tayari mahututi. Akipooza au akifa, watu huikumbuka sindano na kuusahau ugonjwa uliomfikisha pale.

Virusi vikionekana, basi ndivyo vilivyomuuguza?

Si lazima, na hapa hata wataalamu huenda taratibu. Epstein-Barr hulala ndani ya chembe nyeupe za damu. Ugonjwa mwingine ukiziita chembe hizo kwenye ubongo, huingia na mgeni wao, na kipimo kikamwona. Kuna virusi vingine, HHV-6, ambavyo takriban mtu 1 kati ya 100 amevirithi ndani ya vinasaba vyake. Huyo kila akipimwa huonekana anavyo, hata akiwa mzima kabisa. Kwa upande mwingine, virusi vilivyolala kifundoni kwa kawaida havionekani kwenye maji hayo. Wanasayansi waliovikuta usingizini walichunguza vifundo vya maiti. Kwa hiyo karatasi ya maabara husomwa pamoja na mgonjwa mwenyewe: homa yake, picha yake, siku alizougua.

Vinaweza kutolewa mwilini kabisa?

Hapana. Asaiklovia huvizuia vinavyozaliana, vilivyolala haivigusi. Kwa mkanda wa jeshi, vidonge hufaa zaidi vikianzwa ndani ya saa 72 tangu upele utokee. Ukitokea karibu na jicho au kwenye ncha ya pua, nenda siku hiyo hiyo, kwani unaweza kupofusha.