Upepo kwenye dizeli: kwa nini lori linagoma kuwaka baada ya kufunguliwa njia ya mafuta

Fundi akisema lori "limeingiwa na upepo", hazungumzii matairi. Anasema hewa imeingia kwenye njia ya dizeli, mahali fulani kati ya tangi na nozeli (vile vinavyopuliza mafuta ndani ya silinda), na sasa stata inazungusha injini bila kuwaka. "Kutoa upepo" ni kuisukuma hewa hiyo nje mpaka njia yote ijae mafuta matupu. Kila unapobadilisha filta, unapofungua paipu, unaposhusha tangi au pampu, hewa inaingia. Hilo haliepukiki. Tatizo ni pale inapobaki, au inapoendelea kuingia.

Hewa kidogo tu inatosha kuizima injini kubwa kwa sababu dizeli haishindiliki kirahisi, hewa inashindilika. Nozeli za mfumo wa zamani hufunguliwa na msukumo wa mafuta yenyewe, na nyingi zinahitaji bari 200 hivi (bari ni kipimo cha msukumo) ndipo sindano ya ndani inyanyuke. Pampu ikisukuma dizeli, msukumo unafika kwenye nozeli papo hapo. Ikisukuma hewa, hewa inajibana kama springi, kisha pampu ikilegeza inatanuka tena, na nozeli haikufunguka hata mara moja. Kwenye injini za komoni reli, ambazo nozeli zote hulishwa na bomba moja la msukumo mkubwa liitwalo reli, matokeo ni yaleyale kwa njia nyingine: kompyuta haiamuru nozeli zifunguke mpaka msukumo ndani ya reli ufikie kiwango, mara nyingi bari 200 hadi 300. Reli yenye hewa haifiki huko.

Kabla hujashika spana, angalia ekzosi mtu mwingine akipiga stata. Hakuna moshi kabisa? Mafuta hayafiki kwenye silinda, na upepo ndio mshukiwa wa kwanza. Ukiona moshi mweupe mzito wenye harufu ya dizeli mbichi, mafuta yanafika ila hayaungui. Hapo fikiria stata inayozungusha polepole, baridi, au taimingi ya pampu, yaani wakati inapopiga mafuta. Injini ikiwaka sekunde chache kisha ikafa, maana yake imetumia mafuta yaliyobaki kwenye pampu na nyuma yake kuna hewa.

Jambo linalowapotezea watu siku nzima ni hili: upande wa kuvuta hauvuji kama upande wa kusukuma. Kuanzia tangi hadi fidi pampu, ile pampu ndogo inayovuta mafuta, njia huwa na mvuto injini inapozunguka. Klipu iliyolegea hapo haidondoshi dizeli. Inanyonya hewa. Utatambaa chini ya lori na tochi, uone pakavu kila mahali, useme pako sawa, kumbe ndipo palipo na kasoro. Kuanzia fidi pampu kwenda mbele, kasoro hudondosha mafuta na huonekana kwa macho. (Kwenye malori yenye pampu ya umeme ndani ya tangi, karibu njia yote ni upande wa kusukuma, na mambo huwa mepesi zaidi.)

Kutoa upepo kwenye mfumo wa zamani huanzia tangini kuelekea nozeli, bila kuruka hatua. Hakikisha tangi lina mafuta ya kutosha. Legeza skrubu ya kutolea upepo juu ya kichwa cha filta, piga pampu ya mkono taratibu. Kwanza itatoka hewa, kisha povu, kisha dizeli safi. Kaza skrubu mafuta yakiwa bado yanatoka. Ukisubiri yasimame, hewa inarudi. Hamia kwenye skrubu ya pampu kubwa, ile inayosukuma mafuta kwenye nozeli, ufanye vilevile. Mwisho, legeza nati za paipu kwenye nozeli kwa nusu mzunguko hadi mzunguko mmoja, piga stata mpaka kila nati itoe mafuta yasiyo na mapovu, kisha kaza moja baada ya nyingine. Mara nyingi injini huanza kukohoa kabla hujamaliza zote.

Hatua hiyo ya mwisho usiifanye kamwe kwenye komoni reli. Msukumo wake injini ikifanya kazi hupita bari 1,000, na uzi mwembamba wa dizeli hutoboa ngozi na kuingia mwilini. Aliyechomwa hivyo anahitaji hospitali mara moja, hata kama kidonda ni kama cha sindano. Huko unatumia pampu ya mkono au ya umeme upande wa msukumo mdogo tu, kabla ya pampu kubwa, kisha unapiga stata. Filta mpya pia usiijaze kwa kumimina mafuta kwenye tundu la katikati, kwani kwa kawaida ndilo linalopeleka mafuta yaliyokwisha kuchujwa, na uchafu wowote utaenda moja kwa moja kwenye nozeli.

Stata isizidi sekunde 30 kwa mara moja, ipumzike dakika mbili. Ikiungua, utakuwa na matatizo mawili. Spreyi ya kuwashia nayo ni hatari kwenye injini yenye hita ya hewa au plagi za kupasha, kwa kuwa inaweza kulipuka kwenye njia ya hewa. Isitoshe, haitoi upepo. Inaficha tatizo kwa dakika moja, huku pampu inayolainishwa na dizeli ikizunguka kavu.

Ukitoa upepo vizuri na bado kimya, rudi kwa kilichoguswa. Lori lililoingia gereji likiwaka halikupata ugonjwa mpya njiani. Je, oringi (mpira wa duara wa kuziba) ya filta ya zamani ilibaki imeganda, ukafunga mpya juu yake? Wosha za kopa zilizotumika tena huwa zimekuwa ngumu na hazishiki; weka mpya. Paipu ya kupeleka na ya kurudisha zimebadilishana? Waya wa solenoidi ya kuzimia, ile vali ya umeme inayofungua na kukata mafuta, umerudishwa? Bila umeme pale, pampu nyingi hazitoi hata tone. Kwenye komoni reli, kagua plagi ya sensa ya reli na ya vali ya pampu, na kama nozeli ziliguswa, pima mafuta yanayorudi: nozeli moja inayorudisha mengi mno inaiba msukumo wote.

Pampu ikiwa ilishushwa, kagua taimingi. Pampu huzunguka mara moja kila injini inapozunguka mara mbili, hivyo alama ya pistoni juu huonekana mara mbili, na mara moja tu ndiyo sahihi. Ukikosea, pampu inapiga mafuta wakati ekzosi iko wazi.

Kama bado unashuku mvuto wa hewa, ondoa kubahatisha: funga kipande cha mpira unaopitisha mwanga, usioyeyushwa na dizeli, kabla ya fidi pampu, ukiangalie stata ikizunguka. Mapovu yakipita mfululizo, kasoro iko nyuma ya mpira huo, kuelekea tangini. Kisha funga paipu nyingine ya kuvuta badala ya ile ya zamani, uichovye kwenye dumu safi la dizeli. Mapovu yakikoma, ni paipu ya zamani au bomba la ndani ya tangi, ambalo hupata ufa juu ya usawa wa mafuta na kunyonya hewa tangi likiwa nusu tu.