Je, wajua kwa nini kompyuta haiwezi kukuambia kwa uhakika kodi ipi (maandishi ya programu, siyo ya serikali) imekufa?

Ukiwauliza madevelopa wengi kodi iliyokufa ni ipi watakujibu ni ile isiyotumika, na ukiwauliza unaipataje watakwambia kuna tuli, yaani programu ya kukagua kodi, unairan, inakupa listi, unafuta, kazi imeisha. Jibu la kwanza lina ukweli. La pili ndo lenye shida, maana tuli haijui kama kodi inatumika, inachojua ni kama imemuona anayeiita, na hayo ni mambo mawili tofauti kabisa.

Tuanze na ile isiyo na ubishi. Mstari ulioandikwa chini ya `return` hauwezi kufikiwa na yeyote, kompaila, ile inayogeuza kodi kuwa programu ya kuendeshwa, inaliona hilo bila kubabaika. Lugha ya Go ni kali zaidi, ukiimport paketi usiyoitumia programu haikompaili, hata kama ulikuwa unajaribu kitu kwa dakika mbili tu. Lakini Go hiyohiyo ukiiachia fankisheni nzima (kipande cha kodi chenye jina, kinachofanya kazi kikiitwa) isiyoitwa na mtu, kompaila yake inanyamaza kimya. Na hata zile kompaila zinazoondoa kodi iliyokufa, zinaiondoa kwenye programu inayotoka, siyo kwenye faili lako. Vilevile Rollup na wenzake wanaofungasha kodi ya JavaScript, mteja anapakua faili dogo lakini wewe kwenye folda bado unayo yote, unaisoma, unaiandikia testi, unaihangaikia kila laibrari (kodi ya wengine unayoitumia) ikipandishwa vesheni.

Sasa tuli inatafutaje? Chukulia ramani ya daladala za mji mzima. Unaanzia stendi kuu, yaani pale programu inapoanzia, unaiwekea alama, kisha unafuata kila ruti inayotoka pale, kila kituo unachofika unakipiga alama na kufuata ruti zinazotoka hapo pia, mpaka ruti ziishe. Kituo kilichobaki bila alama hakifikiki. Njia hii ina uzuri wake, inagundua kitu ambacho kutafuta jina tu kwenye editor hakuwezi. Fikiria vituo viwili huko pembezoni vyenye gari moja linalokwenda na kurudi baina yao tu, halifiki mjini. Ukiuliza pale kituoni kama kuna gari linakuja, utajibiwa ndiyo, lipo kila siku. Ndivyo zilivyo fankisheni mbili zinazoitana zenyewe, kila moja ina mtu wa kuitetea na zote mbili ni maiti. Ukianzia stendi kuu unazikamata.

Tatizo ni bodaboda. Hazipo kwenye ramani, zinakwenda anakosema abiria, na abiria anasema akishapanda. Tazama mistari hii miwili ya Python:

```
njia = ombi["njia"]
getattr(self, "lipa_" + njia)()
```

Pembeni kuna fankisheni `lipa_mpesa` na `lipa_airtel`. Tafuta hayo majina kwenye projekti nzima, hutamkuta anayeyaita, kwa sababu jina linaunganishwa wakati programu inaenda, kutokana na alichobonyeza mteja kwenye simu yake. Ukizifuta siku hiyo hakuna kinacholalamika, malalamiko yatatoka kwa wateja. Ndiyo maana napenda tabia ya Vulture, tuli ya Python ya kazi hii, inavyoripoti kwa asilimia: kodi iliyo chini ya `return` inaipa 100, import isiyotumika 90, fankisheni isiyoonekana kuitwa inaipa 60. Sitini! Yaani tuli yenyewe inakwambia nahisi tu, na watu wanafuta kana kwamba imeapa mahakamani.

Na hili halitokani na uvivu wa waliotengeneza tuli. Mwaka 1936 Alan Turing alithibitisha kwamba haiwezekani kuwa na programu moja inayoweza kusema kuhusu programu nyingine yoyote kama itafika mwisho au itazunguka milele, na mwaka 1953 Henry Rice akapanua hoja hiyo hadi karibu kila swali la maana kuhusu tabia ya programu. "Je, mstari huu utawahi kufikiwa?" limo humo humo. Kwa programu fulani ndogo unaweza kujua, kwa zote kwa pamoja haiwezekani, kwa hiyo kila tuli inalazimika kukisia upande mmoja au mwingine.

Kwenye laibrari mambo ni yaleyale ila yanauma haraka. Projekti ya Django (fremuweki ya Python ya kutengenezea tovuti) inayotumia databesi ya PostgreSQL inahitaji laibrari kama `psycopg2`, lakini ndani ya kodi yako hakuna faili linaloiimport, kuna maneno tu kwenye settings yanayotaja injini ya databesi, Django ndiyo inakwenda kuiita. Tuli inayoangalia import peke yake itakushauri uitoe. Kuna na kinyume chake: umetoa laibrari A ambayo kweli huitumii, kumbe A ndiyo iliyokuwa inaleta laibrari B, na B unaitumia kila siku bila kuiandika popote. Ulichotoa hakikuwa na kosa, kosa lilikuwa lile la kutoiandika B.

Hapo wengi wanasema basi tuiache tu, kodi isiyotumika haidhuru mtu. Waliosema hivyo hawajasoma habari za Knight Capital, kampuni ya Marekani ya kununua na kuuza hisa. Ilikuwa na kodi ya zamani iitwayo Power Peg, waliacha kuitumia mwaka 2003 lakini hawakuifuta. Mwaka 2005 wakahamisha sehemu iliyokuwa inahesabu hisa ngapi zimeshanunuliwa, kwa hiyo Power Peg ikabaki haijui pa kusimama, na nani angejali, si haitumiki? Mwaka 2012 wakaandika kodi mpya na kuipa flagi (swichi ya kuwasha kodi) ileile iliyokuwa inaiwasha Power Peg. Wakaiweka kwenye seva 7, ya 8 ikasahaulika. Asubuhi ya tarehe 1 Agosti flagi ikawashwa, seva ile ya 8 ikafufua maiti, ikaanza kutuma oda bila kikomo. Katika haraka ya kutafuta tatizo wakaitoa kodi mpya kwenye zile seva 7 nzima, nazo zikarudi kwenye Power Peg. Dakika kama 45, miamala milioni 4, hasara ya zaidi ya dola milioni 460, na mwaka uliofuata faini ya dola milioni 12 juu yake.

Kwa hiyo wakubwa wanafanyaje? Wanachanganya ramani na ushahidi wa barabarani. Unaweka logi, yaani kumbukumbu inayoandikwa kila inapoitwa, ndani ya fankisheni unayoishuku halafu unasubiri uone kama kuna atakayepita, ingawa kusubiri nako kuna mitego, wiki mbili za kimya hazisemi lolote kuhusu ripoti inayotoka mara moja kwa mwaka. Meta wana mfumo wa hivyo na wamesema umefuta mistari zaidi ya milioni 100 katika miaka mitano. Google wana wao uitwao Sensenmann, unaangalia logi za programu zinazoendeshwa, zile ambazo hazijaguswa muda mrefu zinapendekezwa kufutwa na binadamu anaidhinisha. Mfumo huo uliwahi kukwama kwenye testi: laibrari haiitwi na mtu isipokuwa testi yake, na testi inaendeshwa kila siku, basi kwenye logi ikaonekana hai kabisa. Walichofanya ni kulinganisha majina ya mafaili kwa ufanano wa herufi ili kujua testi ipi ni ya laibrari ipi, kisha zinahukumiwa pamoja.

Na bado wameweka listi ya visivyoguswa, maana zipo programu ambazo hakuna anayeziendesha na bado zina kazi, kama zile za mfano ambazo watu wanazisoma tu kujifunza, na nyingine zinaendeshwa mahali ambako logi haifiki.