Si ukali wa kirusi, ni lini kinaanza kuambukiza

Tangu UVIKO-19, hata nikiwa msibani sikosi mtu wa kuniuliza: "Daktari, kirusi kikiwa kikali ndiyo kinasambaa haraka, sivyo?" Sivyo. Nafuatilia milipuko ya magonjwa, na ukali huwa nautazama baadaye. Kwanza natafuta jambo moja: mgonjwa anaanza lini kuambukiza wenzake?

Chukua SARS, ugonjwa wa mapafu uliozuka kabla ya UVIKO-19 na kusambaa 2003. Iliua karibu mtu mmoja katika kila kumi iliowapata, lakini waliougua walikuwa 8,000 na kidogo tu, na kufikia Julai mwaka huohuo ilikuwa imedhibitiwa. Mgonjwa wake aliambukiza zaidi akiwa tayari hoi, na mtu hoi hafichiki. Unamtenga, mnyororo unakatika. Ndugu yake aliyezuka 2019, kirusi cha UVIKO-19, aliua sehemu ndogo zaidi ya wagonjwa, ila alianza kuambukiza siku moja au mbili kabla ya dalili. Mtu anatoka nyumbani mzima wa afya, anabanana kwenye daladala, jioni anapitia kwa shangazi. Akianza kukohoa, shangazi keshapata. Na kwa kuwa wakati huo kirusi kilikuwa kigeni, hakukuwa na mwenye kinga ya kukipunguza kasi njiani.

Tarehe 10 Machi 2020, katika kaunti ya Skagit, jimbo la Washington huko Marekani, kwaya moja ilifanya mazoezi kwa saa mbili na nusu. Walihudhuria 61, mmoja wao akiwa na vijidalili vya mafua tu. Walioishia kuugua, pamoja naye, ni 53. Wawili walifariki. Aliyewahi kuimba sauti ya nne anajua jinsi pumzi inavyovutwa kutoka tumboni na kumwagwa yote. Kwangu hapo somo ni hewa. Ndoo za kunawa tulizozipanga kila mlango wa duka hazikuwa mbaya, kuhara zilipunguza, lakini madirisha tuliyasahau.

Sasa hesabu, maana wengi hukata tamaa wakisikia barakoa "haizuii yote". Kila mgonjwa akiambukiza watatu, mzunguko wa kumi unaleta wagonjwa wapya 59,049. Punguza maambukizi nusu tu, kila mmoja aambukize mmoja na nusu: mzunguko huohuo unaleta 58. Nusu! Barakoa kidogo, dirisha wazi, mwenye mafua abaki nyumbani, mkutano ufanyike chini ya mwembe. Hakuna hata kimoja kilicho kamili. Na muda unaopatikana una kazi yake: chanjo zilianza kutolewa kwa wananchi Uingereza Desemba 2020, na aliyecheleweshwa kuugua hadi hapo alikuwa na bahati.

Mvua ikinyesha, abiria wa daladala hufunga vioo vyote. Mimi changu nakiacha wazi vidole viwili, bega linalowa. Konda akifoka, namwambia nasikia kichefuchefu. Hapo hunifungulia mwenyewe, tena hadi mwisho.