Thamani tarajiwa ikiwa chanya haimaanishi weka hela yote

Kila baada ya muda lazima atokee mtu wa kumshauri mgeni wa EVE Online, gemu la mtandaoni la meli za anga, hivi: "thamani tarajiwa ni chanya, we weka hela yote, hesabu iko upande wako." Mgeni anaweka yote, mzigo unalipuliwa njiani, halafu anaambiwa pole, ulikuwa na bahati mbaya tu. Hapana jamani. Bahati msiisingizie, ushauri ndio mbovu, na ubovu wake ni kwamba umechukua namba moja halali kabisa ukaipa kazi isiyo yake.

Maana yenyewe haina maneno mengi. Unaorodhesha matokeo yote yanayoweza kutokea, kila tokeo unalizidisha kwa uwezekano wake, unajumlisha, unachopata ndio thamani tarajiwa. Tuseme umenunua bidhaa za ISK bilioni 1 (ISK ndio hela ya humo ndani ya gemu), ukizifikisha soko la pili unapata faida ya milioni 100, na katika kila safari 100 za njia ile 5 huishia meli kulipuliwa na mzigo kupotea. Meli yenyewe tuiache kwanza. Asilimia 95 ya milioni 100 ni 95, asilimia 5 ya bilioni 1 ni 50, toa, inabaki milioni 45. Chanya. Mpaka hapo hatugombani na mtu.

Sasa iangalie hiyo 45 vizuri. Hakuna safari hata moja itakayokuletea milioni 45, haipo, ama unapata 100 ama unapoteza bilioni nzima, kwa hiyo mtu anayesema "natarajia kupata 45 kwa safari" ameshaanza kuteleza hata kabla hajatoka bandarini. Ile 45 ni wastani wa safari nyingi mno zikiwekwa pamoja, na neno "nyingi mno" ndilo watu wanaliruka kila siku. Kwenye gemu jingine, Old School RuneScape, kuna mjeledi unaodondoka ukiua zimwi liitwalo abyssal demon, mara 1 kati ya 512, sasa mtu akishaua 512 anaanza kulalamika kwamba gemu linamdai, wakati ukipiga hesabu unakuta karibu watu 37 kati ya 100 watafika 512 mikono mitupu na hakuna kilichoharibika. Ila huyo wa mjeledi hasara yake ni muda tu, kesho anarudi kuua tena. Msafirishaji wa EVE akilipuliwa na waleti nzima (yaani hela zake zote) haendelei na safari ya pili kuutafuta wastani wake, na hapo ndipo mambo yanapobadilika.

Chukua watu 100, kila mmoja ana bilioni 1, na kila mmoja anafuata ule ushauri wa kuweka yote kila safari pamoja na faida aliyopata. Baada ya safari 10 wastani wa kundi ni kama bilioni 1.55, yaani hesabu ya thamani tarajiwa imetimia vilevile kama ilivyoahidi, asilimia 4.5 kila safari. Lakini mtafute mwenye bilioni 1.55 humo, humpati. Kuna kama 60 wenye bilioni 2.59 kila mmoja na kama 40 wenye sifuri. Sasa endelea mpaka safari 100. Wastani unapanda hadi zaidi ya bilioni 80 kwa kichwa, unapendeza kweli, isipokuwa uwezekano wa mtu mmoja kufika huko bila kulipuliwa hata mara moja haufiki asilimia 1. Kwa lugha nyingine katika wale 100 unategemea asibaki hata mmoja, au akibaki basi ni mmoja mwenye hela za ajabu anayewapandishia wastani wenzake wote waliofilisika. Na huyo mmoja ndiye atakayerudi kuwashauri wageni waweke yote! Hao wengine walishaacha kucheza, nani atawasikia.

Kwa hiyo kuna maswali mawili tofauti na watu wanayajibu kama moja. La kwanza, je hii dili ina bei nzuri? Thamani tarajiwa inajibu hilo na inalijibu vizuri. La pili, je mimi mwenye waleti hii niweke kiasi gani? Hilo haikuulizwa na haiwezi kukujibu, maana ndani ya ile fomula hakuna mahali popote panapouliza una shilingi ngapi mfukoni. Rudia kuisoma: matokeo, uwezekano, zidisha, jumlisha. Mwenye bilioni 1 na mwenye bilioni 500 wanapata jibu lilelile 45, wakati mmoja akilipuliwa anarudi kuchimba mawe na mwingine hata hatagundua.

Ukijua namba hii ilianzia wapi unaona kabisa haikuzaliwa kama utabiri. Mwaka 1654 wanahisabati Blaise Pascal na Pierre de Fermat waliandikiana barua kuhusu swali la wacheza kamari: watu wawili wanacheza, wa kwanza kushinda mara 3 anabeba dau lote, kila mmoja ameweka pistole 32 (sarafu za zamani), na mchezo unakatizwa mmoja akiwa na ushindi 2 na mwenzake 1. Zile 64 zigawanywe vipi? Jibu la Pascal ni 48 kwa 16. Anasema hivi, wa kwanza akishinda raundi inayofuata anachukua 64 zote, akishindwa wanakuwa sawa na kila mmoja anachukua 32, kwa hiyo 32 ni zake kwa vyovyote, na zile 32 zilizobaki nafasi ni nusu kwa nusu basi anachukua 16 juu yake. Angalia kilichofanyika hapo. Mchezo umeshakatizwa! Hakuna raundi inayokuja, hakuna anayetabiri chochote, wanatafuta bei ya haki ya nafasi ambayo mtu anaiacha mezani na kuondoka. Na miaka mitatu baadaye, 1657, Christiaan Huygens alipotoa kijitabu chake cha hesabu za kamari swali lilikuwa lilelile, nafasi hii ina thamani gani. Bei. Mtu akikuuliza dili ile ya mzigo niuziwe kwa ngapi, milioni 45 ni mahali pazuri pa kuanzia mazungumzo. Akikuuliza kesho nitakuwa na ngapi, hiyo 45 iweke pembeni.

Na kinachoniudhi zaidi ni kwamba hili la waleti lilishatatuliwa zamani sana, tena kwa mfano wa kusafirisha mzigo kwa meli, kama vile jamaa alikuwa anacheza EVE. Mwaka 1738 mwanahisabati Daniel Bernoulli alichapisha andiko lake na humo kuna mfanyabiashara anaitwa Caius, amenunua bidhaa Amsterdam ambazo zikifika St. Petersburg ataziuza ruble 10,000. Katika meli 100 za msimu ule 5 huzama (ndio, asilimia 5 ileile, ndio maana nimeitumia juu). Bima inauzwa ruble 800 na Caius anaona anaibiwa, na kwa thamani tarajiwa kweli anaibiwa, maana hasara ya wastani ni 500 tu. Bernoulli anamuuliza swali ambalo washauri wetu hawaulizi: kando na huo mzigo una hela ngapi nyingine? Halafu anapiga hesabu, akichukulia kwamba ongezeko la hela lina uzito zaidi kwa mwenye kidogo kuliko kwa mwenye nyingi, na anapata kwamba ikiwa Caius ana chini ya kama ruble 5,043 pembeni basi akate bima, hiyohiyo ya bei mbaya. Akiwa nazo zaidi, asikate. Na yule anayeuza bima naye awe na angalau 14,243 ndio ifae kuubeba mzigo huo wa riski. Dili ileile, asilimia ileile, majibu mawili kinyume, na wote wawili wako sahihi.

Kuna mfano mwingine kwenye andiko hilohilo ambao mimi naupenda kuliko huo. Sempronius ana mali ya dukati 4,000 (nazo ni sarafu za zamani) nyumbani na bidhaa za dukati 8,000 ng'ambo, na katika meli 10 moja hupotea. Akipakia zote meli moja thamani tarajiwa ni 7,200. Akigawa nusu kwa nusu kwenye meli mbili, thamani tarajiwa ni 7,200. Haijasogea hata kidogo, na mtu wa "weka yote" atakwambia basi ni sawa, chagua unayopenda. Bernoulli anasema kwa mtu wa hali yake mzigo kwenye meli moja una thamani ya 6,751 na kwenye meli mbili 7,033, na kadiri anavyozidi kugawa ndivyo unavyoisogelea 7,200 yenyewe. Hajapata faida mpya popote, bidhaa zilezile, bahari ileile, amegawa tu.

Ndani ya EVE vyote viwili vipo, bima na kugawa mzigo. Bima ya kawaida ya gemu inalipa bodi ya meli tu, mzigo hailipi, lakini unaweza kutoa mkataba wa usafirishaji kwa mchezaji mwingine: unaweka ujira, unataka dhamana, akipoteza mzigo dhamana inabaki kwako. Tuseme kwenye mfano wetu ujira ni milioni 60 na dhamana ni bilioni 1.1. Unabaki na angalau milioni 40 kwa vyovyote badala ya wastani wa 45. Mshauri anaona umetupa milioni 5. Mwenye bilioni 1 tu duniani amelipa milioni 5 kuiondoa ile nafasi ya kufilisika, na sidhani kama atapata mahali pa kuiondoa kwa bei rahisi zaidi ya hiyo.

Nimeichukulia ile asilimia 5 kama imeandikwa mahali, na hapo pia watu wanakosea ingawa kosa lenyewe ni la aina nyingine. Mjeledi wa RuneScape una 1 kati ya 512 kwa sababu waliotengeneza gemu wameweka hivyo, ni dadu, haikujui wala haikuangalii umebeba nini. Wanaokuvizia njiani kwenye EVE ni watu, nao wanapiga thamani tarajiwa yao. Hata kwenye maeneo yenye usalama wa juu wanaweza kukushambulia, wanajua CONCORD, polisi wa humo ndani ya gemu, watakuja kuwalipua, kwa hiyo meli zao wanazihesabu kama gharama tangu mwanzo. Meli yako ikilipuka kila fungu la mzigo lina nafasi ya nusu kudondoka na nusu kuteketea, basi wanachukua nusu ya ulichobeba wanalinganisha na meli watakazopoteza. Mzigo wa milioni 50 hauwalipi. Wa bilioni 1 meli za kukuua zikiwagharimu milioni 100, mbona unawalipa vizuri tu. Kwa hiyo ile asilimia 5 uliyoipata kwa kuhesabu safari za watu waliobeba kidogo siyo asilimia yako, umeongeza mzigo na uwezekano umepanda nao, namba mbili ulizodhani zimesimama kila moja kivyake kumbe moja inaivuta nyingine. Mwanauchumi Frank Knight mwaka 1921 aliweka mstari kati ya riski, ambayo uwezekano wake unapimika, na kutokuwa na uhakika, ambako huna hata namba ya kuandika. Njia ya mizigo ya EVE iko mahali fulani katikati, na fomula haina habari, ukiipa 5 ya kubuni itakuletea jibu lenye desimali kama kawaida.

(Muda nao ni gharama, safari ya milioni 45 ya saa 3 na ya milioni 20 ya nusu saa si za kulinganisha hivihivi, gawa kwa saa kwanza. Hilo wengi wanalijua.)

Basi anayesema "thamani tarajiwa ni chanya" hajasema uongo, ameishia katikati tu, na sina ugomvi naye akimalizia: chanya kwa asilimia uliyoitoa wapi, na mzigo huo ni sehemu gani ya waleti yake huyo unayemshauri. Akijibiwa ni sehemu ya ishirini, sawa, mwacheni abebe mwenyewe. Akijibiwa ni waleti nzima, mwambieni agawe mzigo safari kadhaa au amlipe msafirishaji mwenye dhamana, hata kama karatasi inaonyesha anapoteza milioni 5.