Ule weupe kwenye chupa ya chanjo ya nguruwe

"Daktari, hii mmeichanganya na maziwa?" Mama mmoja wa Tukuyu aliniuliza hivyo akiinua chupa kuelekea mwanga wa mlango wa banda. Aliamini tumeongeza ujazo ili dozi ziwe nyingi.

Hapana. Weupe ule ni mafuta yaliyochanganywa na maji hadi yakawa matone madogo mno, na ndani yake kimo kirusi kilichouawa. Kirusi mfu peke yake huamsha kinga kwa shida. Mafuta hukishikilia pale sindano ilipoingia, kikatoka kidogo kidogo, na uvimbe mdogo huvuta walinzi wa mwili waje waone kuna nini. Kichocheo cha namna hii huitwa ajuvanti. Katika miaka ya 1920 Gaston Ramon, daktari wa mifugo wa Ufaransa, aliona kuwa farasi waliopata jipu mahali pa sindano walitoa kinga nyingi zaidi. Akaanza kuchanganya chanjo na makombo ya mkate, hata tapioka, ambayo si kingine ila wanga wa muhogo!

Kwa hiyo anayeona kinundu shingoni na kusema nguruwe wake amewekewa sumu, asubiri siku chache. Palipo na usaha na joto, mara nyingi ni sindano chafu, na hapo lawama ni ya mchomaji.

Wengine husema chanjo ya ng'ombe inatosha. Kwa ugonjwa wa miguu na midomo, haitoshi: ile yenye alumini na saponini (kemikali ya mimea inayotoa povu) humfaa ng'ombe, lakini nguruwe huitikia vibaya. Yeye huhitaji ya mafuta.

Halafu kuna hili letu la nyanda za juu: "Mbeya baridi yote hii, friji ya nini?" Chanjo hizi hutaka nyuzi 2 hadi 8 mchana na usiku, na jua la saa nane hata mwezi wa saba halijui hilo. Kuigandisha nako ni kuiua. Mafuta hujitenga na maji. Ukitikisa na bado unaona matabaka mawili, tupa.

Swali linaloniuma ni la homa ya nguruwe ya Afrika, iliyopiga Kyela mwaka 2010: kwa nini wanasayansi wasiongeze tu ajuvanti? Wamejaribu. Nguruwe waliochanjwa kwa kirusi mfu na ajuvanti za kisasa walikufa vilevile, maana kingamwili, yaani protini za damu zinazonasa kirusi, peke yake hazitoshi. Zinahitajika pia seli zinazoua seli zilizoambukizwa. Vietnam iliidhinisha mwaka 2022 chanjo ya kirusi hai kilichodhoofishwa, njia tofauti kabisa. Anayekuuzia "ya mafuta" ya homa hii mnadani anakula hela yako. Fungia nguruwe, chemsha makombo ya hotelini, na mchinjaji asiingie bandani na viatu vyake.

Na sindano ya mafuta ikikuchoma kidole wewe, usisubiri kivimbe. Nenda hospitali saa hiyohiyo, na kile kikaratasi cha chupa ukiwa nacho mkononi.