Uliiangalia ukisimama wapi? Maana ya kuzunguka mchoro wa pande tatu

Mwangalie fundi wa kuchomelea pale Kibuye, Kisumu, akikagua stendi ya tangi la maji ambayo amemaliza kuiunga. Hatulii mahali pamoja. Anaizunguka, anachutama aone kama miguu yote minne imekanyaga chini, anarudi nyuma hatua kumi na kufumba jicho moja aone kama imeinama, kisha anaingia katikati na kutazama juu. Muda wote huo stendi haijasogea hata inchi. Aliyesogea ni fundi.

Kwenye programu za kuchora kwa kompyuta, zile tunazoziita CAD, kuzunguka mchoro wa pande tatu ni jambo hilo hilo: kubadilisha mahali jicho lilipo bila kugusa kilichochorwa. Programu inaweka kamera ya kuwaziwa angani, na unachokiona kwenye skrini ni picha ya kamera hiyo, inayopigwa upya kila unapoburuta kipanya. Skrini ni bapa kama sahani. Kina cha kitu unakipata kwa kuhama tu.

Anayeanza huona stendi ikigeuka kwenye skrini akadhani ameigeuza kweli. Huyo hana shida kubwa. Shida iko kwa yule anayetaka kuona upande wa nyuma, akashika zana ya kugeuza vitu, akaigeuza stendi yenyewe, akahifadhi kazi na kwenda nyumbani. Kesho yake stendi imelala ubavu na hajui ilianza lini kulala. Kuna njia ya kutambua lipi limetokea. Karibu kila programu inaonyesha mihimili mitatu yenye rangi: X nyekundu, Y kijani, Z bluu. Kama mihimili imezunguka pamoja na stendi, ni wewe uliyetembea. Kama stendi imegeuka na mihimili imebaki palepale, umeigeuza, basi bonyeza Ctrl na Z haraka ili kutengua.

Miondoko ya msingi ni mitatu. Kuna kuzunguka, ambako kwenye vitufe utakukuta kumeandikwa Orbit. Kuna kusogea pembeni, Pan: jicho linateleza kushoto, kulia, juu au chini huku likitazama upande ule ule, kama abiria wa dirishani anavyoona maduka ya Kondele yakipita. Na kuna zumu, kukaribia na kurudi nyuma kwa gurudumu la kipanya. Hii miwili ya mwisho mtu huizoea kwa dakika tano. Kuzunguka ndiko kunakosumbua watu, na sababu ni kwamba lazima uzunguke *kitu*.

Fikiria mbuzi aliyefungwa kamba kwenye kigingi. Anakwenda atakako, lakini daima akikizunguka kigingi chake. Kamera nayo ina kigingi, nukta fulani angani. Nukta hiyo ikiwa katikati ya stendi, hata uburute vipi, stendi itabaki mbele yako. Ikiwa mbali, tuseme pale ulipochora mpaka wa kiwanja asubuhi, ukiburuta kidogo tu stendi inaruka nje ya skrini na unabaki unatazama rangi ya kijivu. Watu husema mchoro umepotea. Haujapotea, ni kigingi kilichobaki kwingine. Kwenye Blender, mojawapo ya programu za kuchora pande tatu, unachagua stendi halafu unabonyeza kitufe cha nukta kilicho upande wa tarakimu, na kigingi kinahamia kwenye stendi. Kitufe hicho hicho kinatibu ugonjwa mwingine wa Blender: umekaribia na kukaribia mpaka gurudumu likawa kama limekwama. Kamera imefika karibu na kigingi chake, na kila hatua sasa ni ndogo kuliko iliyotangulia.

Mimi mwenyewe nimeumbuliwa na stendi ya namna hii. Ilikuwa ya mraba, mita 1.5 kila upande, na mbele nilitaka chuma cha mshazari kinachotoka mguu wa kushoto na kupanda mita 2 hadi mguu wa kulia. Nilikuwa nimesimamisha kamera mbele kabisa, kwa mtazamo sambamba, ule usiopunguza vitu vilivyo mbali. Kwa mtazamo huo mguu wa mbele unauficha mguu wa nyuma kabisa. Unaona mguu mmoja na kumbe ni miwili. Nikabofya mwanzo, nikabofya mwisho, chuma kikakaa vizuri. Nikachapisha orodha ya vipimo nikaipeleka kwa mzee mmoja fundi.

Aliisoma, akachukua futi kamba, akapima stendi yake.

"Kijana, hii chuma yako inaenda wapi? Inazidi."

"Iko sawa mzee, niliiangalia."

"Uliiangalia ukisimama wapi?"

Nilifungua laptop palepale, nikazungusha kidogo tu, kipanya kikisogea kama upana wa vidole viwili. Chuma kilikuwa kimeanzia mguu wa mbele na kuishia mguu wa *nyuma*, kikikata katikati ya stendi kama kamba ya kuanikia nguo. Programu ilikuwa imenasa ncha ya nyuma kwa sababu pale mbele ncha zote mbili zilikuwa sehemu moja ya skrini. Chuma sahihi kilitakiwa kuwa mita 2.5. Changu, kwa kuwa kilikwenda pia mita 1.5 kuelekea nyuma, kilikuwa mita 2.92. Mzee hakuwa ameona mchoro wowote. Sentimita 42 ndizo zilizonisema.

Kwa hiyo nina msimamo wangu, ambao wengine wanaona ni uzembe wa kupoteza muda: ukichora mstari wowote angani, zungusha kidogo kabla ya kuchora wa pili. Mstari unaokutazama jicho kwa jicho hauonyeshi urefu wake. Bomba la mita tatu likielekezwa kwako sawasawa ni duara tu.

Mtazamo sambamba una mtego mwingine, hasa kwa vitu vya fremu kama stendi, vizimba vya kuku au vitanda vya chuma. Kwa kuwa cha mbali hakipungui, jicho halina namna ya kujua mguu upi uko mbele. Stendi inaweza kuonekana umeitazama kwa juu, ukipepesa ikawa umeitazama kwa chini. Si macho yako mabovu: msomi wa Uswisi, Louis Albert Necker, aliieleza hali hiyo mwaka 1832 kwa michoro ya fuwele, na mpaka leo mchemraba wa mistari unaogeukageuka namna hiyo huitwa kwa jina lake. Dawa yake ni kuhamia mtazamo wa kawaida wa macho, ambamo cha mbali kinapungua kama nguzo za umeme za barabara ya Busia, au kuzungusha mpaka jicho lishike mbele ni wapi. Lakini mtazamo sambamba usiutupe. Kulinganisha vipimo na kuona kama vyuma vimekwenda sambamba, huo ndio wenyewe. Wa macho ni wa kumwonyesha mteja.

Kutazama kitu kimoja kutoka sehemu kadhaa kwa mpigo si jambo jipya. Mwaka 1963, pale MIT nchini Marekani, Timothy Johnson alitengeneza Sketchpad III, programu ya kuchora vitu vya pande tatu, na skrini yake ilikuwa na picha nne: juu, mbele, ubavuni, na ya nne kwa mtazamo wa macho. Mpangilio huo wa madirisha manne bado uko kwenye programu nyingi.

Vitufe, sasa, ndivyo vinavyowachanganya wanaohama programu. Kwenye SketchUp unabonyeza gurudumu na kuburuta ili kuzunguka, na ukiongeza Shift unasogea pembeni. Blender ni hivyo hivyo. AutoCAD ni kinyume kabisa: gurudumu peke yake linasogeza, Shift na gurudumu linazungusha. FreeCAD inakuachia uchague mtindo wa programu uliyotoka, na hapo naipa heko. Kwa pedi ya laptop yote haya yanawezekana, lakini ni kula ugali kwa uma. Tafuta kipanya chenye gurudumu.

Na ukipotea kabisa, kila programu ina amri ya kukurudisha mahali unapoona kila kitu. SketchUp ni Shift na Z. Blender ni kitufe cha Home. AutoCAD unabofya gurudumu mara mbili. FreeCAD ni V kisha F. Kama baada ya amri hiyo mchoro unaonekana kama punje ya mtama katikati ya skrini, kuna kipande kidogo umekisahau mbali sana, na programu inajitahidi kukuonyesha vyote viwili. Kitafute ukifute.

Karatasi haina gurudumu. Fundi aliye Kibuye hawezi kuizungusha, kwa hiyo mahali pa kusimama ninamchagulia mimi. Sasa ninampelekea picha nne kwenye karatasi moja: mbele, ubavuni, juu, na moja ya pembeni kwa juu kidogo inayoonyesha kila mshazari unashika mguu upi. Tatu za kwanza anazisoma akiwa na futi kamba mkononi. Ya nne huikata kwa mkasi na kuibandika mlangoni, karibu na grinda.